Sura ya Sita: Mikoani Tunatuma, na Kibuta Je?

“Inakuwaje mzigo wa Mwanza uende kwa nauli ndogo kuliko wa Kibuta?” Wauzaji wa mtandaoni wa Dar es Salaam huuliza swali hili wakicheka. Wateja wa Kisarawe huliuliza bila kucheka. Mwanza iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kariakoo. Kibuta ni kata ya wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, ng'ambo ya vilima vya Pugu, ambako mtu huenda mjini asubuhi na jioni akarudi kula kwake. Lakini tazama mazungumzo yanavyokwenda kwenye WhatsApp:

— Habari dada, hizo sufuria bado zipo?

— Zipo dada, seti elfu arobaini na tano.

— Nipo Kibuta, nazipataje?

— Kibuta ndiyo wapi mpenzi?

— Kisarawe.

— Aah, kumbe hapo tu! Ngoja nikuulizie boda.

Baada ya dakika chache jibu linarudi: boda anataka elfu ishirini na tano. Mteja anaandika “sawa dada, nitakutafuta,” na kila aliyewahi kuuza kitu kwa simu anajua maana ya kutafutwa huko.

Chini ya tangazo la duka hilohilo pameandikwa “Tupo Kariakoo, mikoani tunatuma.” Na kweli wanatuma. Boksi la Mwanza linapelekwa Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, linapakiwa kwenye buti, na mteja analifuata kwenye ofisi ya basi. Sura hii inaeleza kwa nini iwe hivyo, na namna muuzaji mdogo anavyoweza kuipeleka hesabu ya Mwanza mpaka Kibuta.

## Gari linalokwenda tayari

Basi la Mwanza linaondoka, mzigo wako uwepo usiwepo. Mafuta yameshawekwa, abiria wameshakata tiketi, dereva yuko kazini. Boksi la sufuria ni nyongeza, kwa hiyo unalipia nafasi ya boksi tu. Boda wa Kibuta anakwenda kwa ajili yako peke yako na kurudi anarudi mtupu. Unalipia kwenda, kurudi, mafuta, na abiria ambao angewapata kama angebaki kijiweni. Elfu ishirini na tano yake si tamaa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza “ni kilomita ngapi,” uliza: kuna chombo gani kinachokwenda huko hata nisipokuwa na mzigo?

Kazi ya kupanga bidhaa itoke wapi, ipite wapi, ilale wapi na imfikie nani kwa gharama ipi huitwa lojistiki. Jina ni kubwa, lakini kazi yenyewe inafanywa kila siku na mama anayempa konda kiroba cha unga ampelekee mwanawe anayesoma mjini. Tofauti ni kwamba wewe utaifanya mara nyingi, kwa watu usiowajua, na kwa mali ambayo pengine hujailipia.

Sasa tazama njia ya Kibuta kwa jicho hilo. Kutoka Kariakoo hadi Gongo la Mboto daladala hazikauki. Kutoka Gongo la Mboto magari hupita Pugu Kajiungeni, hukata kuelekea Kisarawe mjini, na kutoka hapo kuna magari na boda wanaoingia vijijini. Na kuna jambo moja zuri katika njia hii ambalo wauzaji wengi hawalioni: asubuhi watu hutoka Kisarawe kwenda Dar es Salaam, jioni hurudi. Gari linaloingia mjini limejaa mpaka mlangoni, saa tatu au saa nne linarudi na viti vitupu. Konda wa gari hilo atalipokea boksi lako kwa elfu mbili na kukushukuru. Ukimfuata saa kumi na moja jioni na boksi hilohilo atakwambia ulilipie kiti, na atakuwa na haki.

Jambo la pili ni siku. Ukimpa kila mteja ahadi ya “leo leo,” kila oda inakuwa safari yake. Tuseme boda wa kutoka Kisarawe mjini anakutoza 15,000 kuzunguka kijijini na kurudi. Oda moja imebeba 15,000 nzima. Oda tano zilizosubiriana zinabeba 3,000 kila moja. Tangaza tu kwamba mizigo ya Kisarawe inatoka Jumanne na Ijumaa. Mteja wa kijijini amezoea kupanga mambo kwa siku ya gulio; kinachomuudhi ni kuambiwa leo halafu asione kitu mpaka keshokutwa.

## Maili ya mwisho

Kipande cha mwisho cha safari, kutoka mahali gari linapoishia hadi mkononi mwa mteja, huitwa maili ya mwisho. Ni kifupi na ndicho kinachokula fedha nyingi, kwa sababu hapo mizigo iliyokuwa pamoja inatawanyika, kila mmoja na nyumba yake, na kila nyumba na “ukifika kwenye mwembe nipigie.”

Maduka makubwa yameumia hapo. Jumia, duka la mtandaoni lenye shughuli katika nchi kadhaa za Afrika, lilifunga kazi zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Wapo waliosema Watanzania hawajawa tayari kununua kwa simu. Sikubaliani nao. Wakati huohuo Instagram ilikuwa imejaa wauzaji wa viatu, vipodozi na vyombo wasio na ghala, wasio na gari, wengine wasio hata na fremu ya duka, na mizigo yao ilikuwa inafika mpaka Tunduma. Waliegemea mabasi ya watu wengine na hawakuyalipia siku ambazo hawakuwa na mzigo.

Wamarekani waliligundua hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Maduka kama Sears ya Chicago yalikuwa yakiuza kwa katalogi, yaani kitabu cha picha na bei kilichotumwa kwa wakulima, na mteja aliagiza kwa barua. Shida ilikuwa kufikisha. Posta yao haikupokea kifurushi kinachozidi ratili 4, karibu kilo 1.8. Vikubwa zaidi vilibebwa na kampuni binafsi, nazo mara nyingi ziliishia kwenye stesheni ya reli. Mkulima akafunge farasi afuate mwenyewe. Wakati wote huo, tangu 1896, mtu wa posta alikuwa ameanza kupita mashambani na barua. Tarehe 1 Januari 1913 aliruhusiwa kubeba na vifurushi, kwa kuanzia hadi ratili 11, na biashara ya katalogi ikapaa. Hakuna barabara mpya iliyojengwa siku hiyo. Mtu aliyekuwa anapita tayari aliongezewa mzigo.

Kwetu anwani ni sehemu ya tatizo, ingawa hali inabadilika. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, ikaweka majina ya mitaa na barabara, namba za nyumba na postikodi, yaani tarakimu tano zinazotambulisha kata. Programu ya simu iitwayo NaPA inasaidia kuipata nyumba kwa anwani hizo. Mwombe mteja namba ya nyumba kama anaijua, mwombe pia atume lokesheni kwa WhatsApp akiwa amesimama nyumbani, si akiwa kazini Gongo la Mboto. Hata hivyo ushauri wangu kwa biashara changa ni kuiacha nyumba ya mteja kabisa. Usiitafute.

## Tafuta pa kushukia kabla ya kutafuta chombo

Mzigo wa Mwanza una kitu kingine ambacho wa Kibuta hauna: ofisi. Kuna mtu kwenye kiti, ana daftari, na mteja anajua pa kwenda. Hicho ndicho cha kukijenga kijijini, na hakihitaji kujengwa.

Karibu kila kijiji chenye mtandao wa simu kina kibanda cha miamala. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Zikafuata Airtel Money, HaloPesa na ile ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas lakini watu bado wanaiita Tigo Pesa. Wakala wa miamala ni mtu wa ajabu ukimtazama vizuri. Amezoea kuuliza jina na kuliandika. Anakaa na fedha za watu. Anafungua mapema, anafunga usiku, na akila fedha ya mtu kijiji kizima kinajua kabla ya chakula cha mchana. Sifa unazozitafuta kwa mtunza mizigo tayari anazo.

Nenda kamwone. Usimpigie simu, nenda, amkia, kaa, nunua soda. Mwambie mizigo michache itashukia kwake mara mbili kwa wiki, kila mmoja atapata, tuseme, 1,000. Kwake hiyo ni ziada, na tena mteja anayekuja kufuata sufuria atatoa fedha hapohapo au atanunua sukari. Wengine watakataa malipo mwanzoni kwa heshima ya kujuana. Mlipe. Mtu asiyelipwa hawezi kuulizwa boksi limekwenda wapi.

Kenya walilijaribu wazo hili kwa ukubwa. Kampuni ya Copia Global, iliyoanza mwaka 2013, iliwauzia watu wa vijijini na wa kipato kidogo kupitia mawakala: wenye maduka, saluni na vibanda. Mteja aliagiza kwa wakala, akalipa kwa wakala, akachukua kwa wakala. Watu walilipenda. Lakini Mei 2024 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi baada ya kukosa fedha mpya za wawekezaji. Mimi nalisoma anguko lile hivi: upande wa wakala ulikuwa sahihi, mzigo mzito ulikuwa ule wa kumiliki maghala na mtandao wa kusambaza bidhaa zenye faida nyembamba, sabuni na unga, kwenye maelfu ya vibanda. Muuzaji wa Kibuta ana bahati ya kuwa mdogo. Achukue wakala, awaachie wengine magari.

Kwa ufupi mpaka hapa

Bei ya kufikisha mzigo inatokana na safari ya peke yake kuliko umbali. Tafuta gari linalokwenda tayari, lipe mzigo saa ambayo lina nafasi, kusanya oda kwa siku maalumu, na zishushie kwa mtu mmoja anayejulikana kijijini.

## Mzigo hupotelea mikononi

Ukiwasikiliza wauzaji wakisimulia mizigo iliyopotea, ni nadra kusikia kwamba gari lilipinduka. Utasikia “nilimpa konda, konda anasema alimpa boda, boda anasema hakupewa.” Kila mahali mzigo unapobadilisha mikono ndipo penye hatari, na kutoka Kariakoo hadi Kibuta unabadilisha mikono mara nne: wewe kwa boda wa mjini, boda kwa konda, konda kwa boda wa Kisarawe, boda kwa wakala. Wa tano ni mteja mwenyewe.

Dawa yake ni daftari na kamera ya simu. Katika kila makabidhiano unataka vitu hivi:

- jina na namba ya simu ya aliyepokea, na kama ni gari, namba zake za usajili;
- saa ya kupokea;
- picha ya boksi likiwa limefungwa, na likiwa na saini yako iliyopita juu ya selotepu na kuingia kwenye boksi, ili likifunguliwa saini ivunjike;
- namba ya mzigo, kwa mfano KBT 14, iliyoandikwa kwa kalamu nene pande mbili za boksi.

Picha ya boksi mikononi mwa konda ina nguvu kuliko risiti. Konda anajua sura yake imo kwenye simu yako. Piga picha kwa adabu, mwambie “bosi, naomba kumbukumbu,” na wengi hata watasimama vizuri.

Kwa hatua ya mwisho tumia namba ya kuchukulia, tarakimu nne unazozituma kwa mteja peke yake. Akifika kwa wakala anazitaja, wakala anakutumia, wewe unathibitisha, mzigo unatoka. Inachukua dakika moja, na inamaliza lile neno la “alikuja kijana akasema ametumwa.”

Kuna jambo la faragha pia. Wauzaji huandika juu ya boksi jina kamili la mteja, namba yake ya simu, na wengine hata kilichomo ndani. Boksi hilo linasomwa na kila aliyekaa karibu nalo. Nchi hii inawajua vizuri watu wa “ile hela tuma kwenye namba hii.” Mtu mwenye jina lako, simu yako na habari kwamba unasubiri mzigo ameshapata nusu ya kazi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na muuzaji mwenye orodha ya wateja kwenye simu hayuko nje ya hilo. Kwa njia ya wakala tatizo linakwisha lenyewe: juu ya boksi andika namba ya mzigo, jina na simu ya wakala. Jina la mteja libaki kwenye daftari lako.

## Lipa ukipokea: hesabu ambayo watu hawaifanyi

Mteja akikwambia “nitalipa nikiuona,” ana sababu. Ameshaona jirani yake akituma fedha na kupokea kiatu cha namba nyingine, au asipokee kitu. Mtindo wa kulipa mzigo ukishafika huitwa lipa ukipokea, na bila huo wateja wengi hawaanzi. Lakini ufanyie hesabu kabla ya kuukubali.

Tuseme sufuria umezinunua 32,000 na kuziuza 45,000. Unabaki na 13,000. Kuzifikisha kwa wakala wa Kibuta kunakugharimu 6,000: boda wa mjini 3,000, konda 2,000, wakala 1,000, na boda wa Kisarawe tumsahau kwa leo kwa kuwa gari limepita kijijini. Faida yako ni 7,000 kwa seti. Oda kumi zikienda salama unapata 70,000.

Sasa wateja wawili wasichukue. Mmoja amezima simu, mwingine “mume wangu kakataa.” Nane waliochukua wanakupa 56,000. Wale wawili kila mmoja amekula 6,000 ya kwenda na tuseme 5,000 ya kurudisha, jumla 22,000. Umebaki na 34,000. Wateja wawili kati ya kumi wamechukua zaidi ya nusu ya faida yako. Wakiwa watatu unabaki na 16,000. Wakifika wanne, una hasara ya 2,000 na wiki nzima umefanya kazi.

Kwa sababu hii wauzaji wazoefu wa Dar es Salaam wana kanuni moja: nauli inatangulia. Mteja analipa gharama ya usafiri kwanza, bei ya bidhaa anailipa akiuona mzigo kwa wakala. Anayetaka kweli hutuma. Asiyetaka hukujulisha mapema kwa kunyamaza, nawe umeokoa 11,000. Mpe na yeye kinga: akiufungua mbele ya wakala akakuta si alichoagiza, nauli yake inarudi siku hiyohiyo. Muuzaji anayechelewesha marejesho ya 6,000 atapoteza kijiji, maana huyo mteja ana kundi la kikoba la wanawake thelathini.

Mambo madogo ya malipo nayo yapitiwe haraka. Kama bado unapokea fedha kwenye namba yako ya kawaida, kila oda italeta mjadala wa “tuma na ya kutolea.” Chukua lipa namba, yaani namba ya biashara inayopokea malipo ya wateja, na uitangaze pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja. Jina likitofautiana na la duka, watu wanasita, na wana haki.

## Stoo iwe wapi

Swali jingine ninaloulizwa na vijana wa Kisarawe ni kama mtu anaweza kukaa Kibuta na kuendesha duka la mtandaoni. Anaweza, na wapo wanaoishi hivyo, ila lazima uchague mali ilale wapi.

Njia ya kwanza ni kutokuwa na stoo kabisa. Unachukua picha kutoka kwa winga wa Kariakoo, yule anayesimama kati ya mnunuzi na maduka, unaweka chako juu, oda ikija winga anakwenda kuchukua. Mtaji wake ni bando. Ubaya wake utaujua siku mteja amelipa nauli na winga anakujibu “imeisha bosi, kuna ya bluu.” Anayefanya kazi hii vizuri huwauliza mawinga wake kila asubuhi kipi kipo, na hufuta matangazo ya visivyokuwepo hata kama yamependwa mara elfu moja.

Njia ya pili ni kuagiza mwenyewe, mara nyingi kutoka China kupitia kago, yaani wakala anayekusanya mizigo ya wengi kwenye kontena moja. Kago ya meli hutoza kwa ujazo, kago ya ndege kwa kilo. Ndiyo maana mwenye akili huleta nguo kwa njia moja na masufuria kwa nyingine, na huingiza sufuria ndogo ndani ya kubwa kabla ya kufunga. Ukiagiza hivi unahitaji mahali pa kuweka, na hapo Kibuta inavutia: chumba chake hakilingani bei na fremu ya Mtaa wa Aggrey.

Nisingekimbilia. Kama wateja wako wengi wako Mbagala, Kimara na mikoani, mali iliyolala Kibuta itasafiri kuelekea Dar es Salaam asubuhi, saa ambayo magari yamejaa. Utakuwa umepanga stoo kinyume na nafasi za viti. Weka kijijini vile vinavyonunuliwa na Kisarawe yenyewe na vile visivyo na haraka. Vinavyokwenda mikoani viache mjini, hata kama ni kwenye kona ya stoo ya ndugu unayemlipa kidogo kwa mwezi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24 baada ya miaka mingi ya kulala njiani, kwa hiyo oda ya mchana inaweza kupanda basi la usiku. Faida hiyo haipo kama boksi liko nyuma ya Pugu.

Popote stoo ilipo, kuwe na daftari la stoo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Jumamosi hesabu kwa mikono ulinganishe. Programu za simu zipo na ni nzuri, lakini nimeona watu wananunua programu kwa sababu hawapendi kuhesabu, na programu haihesabu sufuria.

## Vumbi, masika na selotepu

Fungasha kwa njia mbaya zaidi utakayokutana nayo. Kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia hata kwenye boksi lililofungwa, kwa hiyo nguo ziwekwe kwanza ndani ya nailoni iliyozibwa. Masika, Machi hadi Mei, ni tope na mvua inayomkuta boda katikati ya njia. Boksi la karatasi likilowa halina chini. Tia boksi ndani ya kiroba. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile ya rambo, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usimpe mteja mzigo ndani yake. Wakati wa masika ongeza siku moja kwenye ahadi zako za Kibuta na uwaambie wateja sababu. Wao wanaijua njia yao kuliko wewe.

## Posta, leseni na mabasi

Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kubeba vifurushi vya watu kama biashara ni huduma yenye leseni ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Wewe unayetuma mali yako mwenyewe huguswi na hilo. Siku utakapoanza kuwabebea wauzaji wenzako kwa malipo, na ukifanya vizuri watakuomba, utakuwa umeingia kazi nyingine. Nenda ofisi za TCRA kabla hujachapisha fulana.

Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kusimama peke yake mwaka 1994, lisidharauliwe kwa sababu ya kumbukumbu za barua zilizochelewa. Huduma yake ya EMS inampa mteja namba ya kufuatilia mzigo, na Posta Kiganjani inatumia namba ya simu kama sanduku la posta. Kwa kitu kidogo cha thamani kubwa kinachokwenda mkoa ambako humjui mtu, mimi ningechukua Posta kuliko buti la basi. Kwa Kibuta yenyewe, gari la asubuhi na wakala wa miamala watakuwa haraka zaidi.

## Gari likirudi Dar

Ukishakuwa na konda anayekujua, wakala mwenye daftari na siku mbili za wiki, umejenga njia, nayo inatumika pande zote mbili. Watu wa Dar es Salaam wananunua kwa simu mapapai, mananasi, mihogo na asali, na vingi vya hivyo vinatoka mashamba ya Pwani. Wakala wako wa Kibuta anaweza kuwa mahali pa kukusanyia kama alivyo mahali pa kushushia.

Lakini safari hii ina masharti magumu zaidi. Papai likibanwa chini ya kiti asubuhi, mteja wa Sinza atapokea uji. Chakula kilichosindikwa na kufungashwa kina taratibu za TBS, shirika la viwango, na magari ya kwenda mjini yana nafasi mchana tu, baada ya msongamano. Ningeanza na korosho zilizobanguliwa. Zile ghafi zina mfumo wake wa kuuzwa kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani, usiziguse kwa njia ya WhatsApp. Zilizobanguliwa haziozi njiani na hazipondeki kirahisi. Kilo moja ina bei ya kutosha kuibeba nauli yake, na pakiti kumi zinaingia kwenye boksi moja ambalo konda atalisukuma chini ya kiti cha nyuma bila kukuuliza ulilipie abiria. Zipe KBT na namba yake, piga picha, mpe wakala saa saba mchana.